Sura ya Sita: Theluji ya Hokkaido, Kona za Soni

Ukitaka kujua gari liliishi wapi kabla ya kushushwa bandarini Dar es Salaam, kadi yake haitakuambia. Inama usome ubavu wa tairi. Ukikuta neno STUDLESS, au kialama cha mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, basi gari hilo huenda limetokea Hokkaido, Aomori au Niigata, kule ambako theluji hufika magotini. Mwenye gari wa huko huwa na seti mbili za matairi: moja ya joto, nyingine ya baridi, na hubadilisha majira yanapogeuka. Siku ya kupeleka gari mnadani hufunga seti asiyoihitaji tena. Seti hiyo ndiyo inayovuka bahari, na ndiyo inayoonekana leo chini ya Altezza na Impreza zinazopanda kutoka Mombo kwenda Lushoto Jumamosi asubuhi, muziki ukiwa juu, dereva akiamini amefunga tairi za Kijapani na hivyo hana la kuhofia.

Sura iliyopita ilihusu breki. Hii inahusu kile ambacho breki hutegemea. Breki inaweza tu kusimamisha gurudumu. Kusimamisha gari ni kazi ya tairi na barabara. Kwa gari la spoti katika milima ya Usambara, hasa tangu masika ya Machi hadi mwisho wa kipupwe mwezi wa Agosti, tairi ndilo jambo la kwanza kulipia, kabla ya ekzosi na kabla ya taa za rangi.

Tuanze kwa kulitendea haki tairi la theluji, maana si tairi baya. Wajapani wa kaskazini walikuwa wakitumia matairi yenye misumari ya chuma. Misumari ilishika barafu vizuri, lakini barafu ilipokwisha ilikwangua lami, na vumbi lake likatanda mijini mpaka watu wakalalamikia vifua. Sheria ya kuyadhibiti ikapitishwa mwaka 1990. Viwanda vilikuwa vimeshaanza kutafuta njia ya kushika barafu bila msumari; Blizzak ya Bridgestone ilitoka mwaka 1988. Siri yake ni mpira. Mpira wa tairi la kawaida hukakamaa kwenye baridi kali. Huu hubaki laini. Kisha kila kashata imekatwa mikato myembamba mingi, nayo hufunguka tairi linapogusa chini na kung'ata theluji. Wahandisi huweka mpaka kwenye nyuzi 7 za Selsiasi: chini ya hapo tairi la theluji hushinda, juu ya hapo huanza kushindwa.

Sasa lilete kwetu. Lushoto iko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, na Mombo iko chini yake kwa karibu mita 1,000. Kipupwe cha Lushoto ni baridi ya kweli. Wajerumani, walioupa mji huo jina la Wilhelmstal, waliupenda kwa hiyo baridi, na hadi leo mgeni kutoka Tanga hununua sweta sokoni siku anayofika. Hata hivyo usiku wa Julai joto hukaribia nyuzi 10, na jua likitoka hupanda. Kule chini, kwenye mashamba ya mkonge, hewa ya Februari hupita nyuzi 30, na lami yenyewe huwa na joto zaidi ya hewa. Kwa kipimo cha tairi la theluji, Lushoto yote ni nchi ya joto.

Kwenye lami ya namna hiyo mpira laini hulika kama ufutio wa penseli. Hilo ni la mfukoni tu. La hatari ni kwamba zile kashata zilizokatwakatwa hazina uti. Ukigeuza usukani kwenye kona, tairi hujikunja kwanza ndipo gari ligeuke. Ukikanyaga breki, kashata hulala badala ya kusimama. Na hapa ndipo watu wengi hukosea: huona mikato mingi wakadhani tairi hilo ni hodari wa mvua. Mvua ya Soni si maji ya barafu. Kwenye lami iliyolowa na yenye uvuguvugu, tairi la theluji huhitaji umbali mrefu zaidi kusimama kuliko tairi la kawaida lililo zima. Tazama pia herufi ya mwisho kwenye ule mfululizo wa namba za ubavuni. Nyingi za studless zina Q, maana yake kilomita 160 kwa saa ndiyo kikomo chake. Gari lililotengenezwa kubeba V, yaani 240, limevalishwa viatu vya gari la sokoni.

Kuna la tatu, nalo ni umri. Ubavuni pana duara lenye herufi DOT na mlolongo wa alama. Namba nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. Ukisoma 4513, tairi lilitoka kiwandani wiki ya 45 ya mwaka 2013. Mpira huzeeka hata ukikaa stoo: mafuta yake hukauka, nyufa ndogo hutokea, na ule ulaini uliokuwa fahari yake hupotea. Tairi la theluji lenye miaka kumi halishiki barafu wala mvua. Halafu Wajapani huweka alama mbili za kulika badala ya moja: ya kwanza inajitokeza kashata zikifika nusu, kumwambia mwenyewe kwamba theluji basi, ya pili ni ile ya milimita 1.6 ambayo matairi yote huwa nayo. Fundi anayevua rimu bandarini au Gerezani haijali hiyo ya kwanza, wala hana sababu ya kuijali, maana mteja anatazama kitu kimoja tu.

"Fundi, hizi kashata bado zimesimama."

"Zimesimama, bosi. Lakini soma mwaka."

Wachache husoma.

Barabara yenyewe inataka nini? Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi za lami nyembamba iliyofuata njia ya Wajerumani, ukuta wa mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili. Soni iko katikati, na kabla yake kona hufuatana bila kupumzika. Kupanda ni kazi ya injini, na gari la spoti hupanda likicheka. Kushuka ndiko kunakouliza tairi maswali.

Gari likiinamia chini, uzito huhamia mbele. Breki huongeza kuinama huko. Magurudumu ya nyuma hubaki mepesi, na gurudumu jepesi hushika kidogo. Katika hali hiyo, kwenye kona iliyolowa, nyuma ndiyo huanza kuondoka. Kwa hiyo kama una matairi mawili mapya na mawili yaliyotumika, mapya yafungwe nyuma. Ninajua mafundi wengi hufanya kinyume. Husema mbele ndiko usukani uliko. Watengenezaji wakubwa wa matairi wanapendekeza nyuma, hata kwa gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, na sababu ni nyepesi kuielewa ukiwa juu ya Soni: mbele ikiteleza gari hukataa kugeuka na dereva hujua mara moja, akapunguza mwendo, nyuma ikiteleza gari huzunguka, na dereva wa kawaida hujua akiwa tayari anatazama alikotoka.

Kwa Altezza, Mark X na ndugu zao wanaosukumwa na magurudumu ya nyuma, kuna mtego wa ziada. Sote tumefundishwa kushuka mlima na gia ndogo ili injini isaidie breki, na ni mafundisho mazuri. Ila katika magari haya injini huzuia magurudumu ya nyuma peke yake, yale yale mepesi. Ukidondosha gia ya pili ghafla katikati ya kona yenye tope, umevuta breki ya mkono bila kujua. Teremsha gia kabla ya kona, gari likiwa limenyooka, na uachie klachi polepole.

Subaru ina dai jingine. Magurudumu yote manne yanafanya kazi pamoja, na mfumo unaoyaunganisha unataka yazunguke sawa. Tairi jipya moja likichanganywa na matatu yaliyolika, kipenyo hutofautiana kwa milimita chache, na difu ya katikati hufanya kazi muda wote hata barabara ikiwa imenyooka. Huchemka, mwisho hufa. Ndiyo maana mwenye Impreza aliyepasukiwa tairi moja hununua mawili au manne, akilalamika.

Rudi kwenye lami. Hatari yake kubwa haitoki angani, inatoka mashambani. Canter na Fuso zinazobeba kabichi, karoti na hoho kwenda Dar es Salaam hutoka kwenye vijia vya udongo mwekundu na kuingia barabara kuu zikiwa na mfinyanzi kwenye magurudumu. Mfinyanzi huo huanguka vipande vipande, mara nyingi kwenye kona, na manyunyu yakija hugeuka utelezi. Mvua kubwa ikinyesha kwa saa nzima husafisha. Manyunyu ya asubuhi, au mvua ya kwanza ya vuli baada ya miezi ya vumbi na mafuta ya malori, ndiyo mabaya zaidi. Hapo tairi linahitaji mifereji mipana ya kutupa uchafu, na kina cha kutosha. Tairi jipya la gari dogo huwa na kina cha milimita 8 hivi. Sheria za nchi nyingi huruhusu hadi 1.6. Mimi kwa masika ya Usambara sisubiri chini ya 3, na yule anayengoja kipara akisema tairi bado lina maisha anazungumzia maisha ya tairi.

Sasa upana, mada inayopendwa vijiweni. Altezza ya rimu ya inchi 17 huvaa 215/45. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana huo. Piga hesabu: ubavu una milimita 97. Ukishuka kwenye rimu ya inchi 16 na tairi la 205/55, ubavu unafika 113, na kipenyo chote kinabaki karibu kile kile, tofauti ikiwa kama asilimia moja. Milimita 16 zinaonekana kidogo, lakini ndizo zinazosimama kati ya rimu yako na jiwe lililoporomoka usiku, au ukingo wa lami uliokatika pale unapolazimika kumpisha Fuso. Vijana wengi huenda kinyume, wakapanda hadi inchi 18 au 19 na ubavu mwembamba kama utepe. Gari linapendeza likiwa limeegeshwa. Ukitaka kushuka inchi moja, hakikisha kwanza rimu ndogo inapita juu ya kalipa za breki. Baadhi ya matoleo yenye breki kubwa hayakubali.

Anayeona aibu kufunga tairi jembamba akumbuke Datsun 240Z. Lilikuwa gari la spoti la milango miwili, na la dukani lilivaa matairi ya upana wa milimita 175 kwenye rimu ya inchi 14. Gari la aina hiyo lilishinda mbio za East African Safari mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Mbio hizo zilifanyika wakati wa Pasaka, masika yakiingia, na kabla hazijabaki Kenya pekee mwaka 1974 zilikuwa zikivuka hadi Tanzania, njia za Usambara zikiwamo. Kwenye tope, tairi jembamba huzama kidogo na kukuta ardhi ngumu. Pana huelea juu ya utelezi. Mwaka 1963 na tena mwaka 1968, magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu. Sidhani kama kuna wa kumfundisha somo la utelezi dereva wa enzi hizo.

Upepo nao una tabia yake huku mlimani. Mtu akijaza tairi upepo wa psi 32 Lushoto asubuhi ya baridi kisha akateremka Mombo mchana, vitu viwili hutokea kwa pamoja. Hewa ya nje kule chini ni nzito zaidi, kwa hiyo geji ingesoma pungufu kwa karibu moja na nusu. Joto la Mombo nalo hupanua hewa iliyo ndani na kupandisha kipimo kwa karibu tatu. Mwisho wa yote unakuta ziada ya moja na kidogo, isiyo na madhara. Anayepunguza upepo Lushoto "ili tairi lisipasuke huko joto" anajiumiza bure. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja zaidi, na kujikunja ndiko kunakolichemsha. Pima kabla ya kuondoka, matairi yakiwa baridi, ufuate kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva.

Tena upepo mdogo una deni lake ukishafika tambarare. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wahandisi wa NASA walichunguza kwa nini ndege huteleza kwenye njia zenye maji, wakaona kwamba kasi ambayo tairi huanza kuelea juu ya maji hutegemea zaidi shinikizo lililo ndani yake. Kwa tairi lisilo na kashata lenye 32, hesabu yao inatoa kama kilomita 94 kwa saa. Likiwa na 24, kama 82. Hizo ni kasi ambazo kila mmoja wetu huzigusa akitoka Mombo kuelekea Segera, mvua ikiwa imejaza mikondo iliyochimbwa na malori. Watu hushukuru Mungu wakimaliza kona za Soni, wakakanyaga mafuta.

Ninunue lipi basi? Kwa gari la spoti la barabara ya Mombo na Lushoto, tairi la kawaida la lami, lile ambalo Wazungu huliita la kiangazi, lenye mifereji mipana. Yale yenye mchoro wa V hutupa maji vizuri, mradi mshale wa mzunguko ubavuni uelekee mbele; nimeshaona yamefungwa kinyume, yakivuta maji ndani badala ya kuyatoa nje. Yawe manne ya jina moja na mchoro mmoja. Tarehe isizidi miaka miwili siku ya kununua. Herufi ya kasi isiwe chini ya ile ya kiwandani. Yenye alama za Kimarekani ubavuni, tafuta A au AA kwenye kipimo cha kushika lami yenye maji. Epuka matairi ya mashindano yenye mifereji michache. Hushika ajabu kwenye lami kavu, na masika yakija hayana pa kupeleka maji. Lililo jipya la bei ya kati ninalipendelea kuliko la jina kubwa lililokwishatumika. Zamani hata ubishi huu ulikuwa mfupi: kiwanda cha General Tyre kilikuwa pale Arusha, na wengi wetu tulikulia ndani ya magari yaliyovaa matairi yake. Uzalishaji ulisimama mwaka 2009, na tangu hapo tunachagua katika yaliyoagizwa.

Matairi ya misimu yote? Kwa anayeishi Lushoto na kuendesha gari la kawaida, ni chaguo la heshima. Kwa gari lenye nguvu naona ni kulipia theluji isiyokuja. Tofauti ni kwa ndugu zetu walio Montreal, ambako sheria ya jimbo la Quebec hulazimisha matairi ya baridi kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15, au walio Ujerumani, ambako tangu Oktoba 2024 ni lazima tairi liwe na ile alama ya vilele vitatu barabara ikiwa na theluji au barafu. Huko anayeendesha kwa tairi la kiangazi Januari ndiye mwenye kosa, na sura hii ageuze kila sentensi juu chini.

Ukishafika Lushoto na lami ikaisha, habari ya gari la spoti nayo iishe. Kuelekea Mlalo au Mtae wakati wa mvua, mfinyanzi hujaza mifereji ya tairi lolote la lami katika mzunguko wa kwanza, na kuanzia hapo unaendesha juu ya duara la udongo. Hakuna tairi la 215/45 litakalokuokoa, na tumbo la gari litakwama kabla ya gurudumu. Liegeshe mjini, panda Noah au bodaboda pamoja na wenyeji. Dereva wa huko anajua ni upande gani wa barabara una mawe chini ya tope.

Limebaki suala la ile seti ya Hokkaido uliyoivua. Hapa sina huruma. Ukiiacha kwa fundi itauzwa, na itafungwa kwenye gari la abiria linalopanda mlima huo huo likiwa limejaza kupita kiasi, na siku moja mtakutana nalo konani, wewe na matairi yako mapya. Ondoka nayo. Kama yana nyufa au yamevuka miaka kumi, yachanwe ubavu. Yaliyo na afadhali mpe mwenye mkokoteni.